Konseri: ile furaha yenye haiwezi kuingia mu simu

Wimbo wa orkestra, mutu anaweza kuusikia mara mia: mu redio, mu taksi, mu simu yake. Lakini siku orkestra yenyewe inafika mu muji, mutu huyo huyo analipa tikiti, anapanga mustari, anasimama saa nyingi, juu ya kusikia wimbo wenye anajua tayari mwanzo mpaka mwisho. Sababu gani?

Wenye wamekwisha kufika ku konseri wanajua jibu. Wimbo wa ku sahani na wimbo wa ku podiumu si kitu kimoja. Ku podiumu, watu wenye walikuja kusikiliza wanakuwa sehemu ya orkestra.

Wimbo wenye sehemu mbili

Rumba ya Congo inaanza pole pole. Waimbaji wanaimba maneno ya mapendo, ya huzuni, ya maisha. Watu wanaimba pamoja nao, na wengine wanacheza wawili wawili. Kisha sauti zinanyamaza na magita yanachukua fasi yao. Hapo ndipo seben inaanza. Gita ya solo inarudilia kifungu kifupi, mi-solo inaijibu, besi inashika chini, na mupiga ngoma anaongeza mbio.

Ku sahani za zamani, upande mumoja ulibeba dakika kidogo tu, kwa hiyo wimbo murefu ulikatwa: nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili. Ku podiumu hakuna wa kuukata. Mukubwa wa orkestra anaangalia watu. Wakiwa bado wanacheza, magita yanarudilia. Wakichoka, anatoa alama na wimbo unaisha. Kipimo cha seben ni miguu ya watu, na ndiyo sababu wimbo mumoja hauchezwi namna moja mu miji miwili.

Kutoka Zaïko mpaka atalaku

Orkestra kubwa za kwanza, kama vile African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco yenye ilianza mu mwaka wa 1956, zilipenda sana saksofoni na tarumbeta. Kisha, tarehe 24 Desemba 1969, vijana wa Kinshasa walianzisha Zaïko Langa Langa. Wao waliacha vyombo vya kupuliza, wakatia mbele magita na ngoma, na seben ikakuwa ndefu na ya moto zaidi.

Ni mu Zaïko pia ndimo atalaku alitokea, mu mwanzo wa miaka ya 1980. Nono Monzuluku na Bébé Atalaku walileta vilio vya muziki wa mitaani na maraka yenye ilitengenezwa na kopo la dawa ya wadudu. Jina lenyewe linatoka mu Kikongo: ni kusema "tazama hapa".

Kazi ya atalaku si kelele ya bure. Yeye ndiye anaita dansi kwa jina, anasema ni wakati gani wa kushuka, wakati gani wa kugeuka. Vijana wamekwisha kujifunza hatua hizo mu kartie yao, mbele ya televizio ao simu. Akiita, watu maelfu wenye hawajuane wanageuka upande mumoja kwa mara moja. Hakuna mwenye aliwafundisha pamoja.

Atalaku na waimbaji wanatupa pia majina ya watu katikati ya wimbo. Kwa Lingala wanaita hiyo kutupa mabanga, ni kusema mawe. Mara nyingi jina linatajwa kwa sababu mwenyewe alilipa. Na mwenye muziki umemugusa anapanda podiumu, anabandika noti ku paji la uso wa muimbaji ao wa mupiga gita. Watu wanapiga makofi, na kwa wakati kidogo mutu wa kartie anaonekana sawa nyota.

Luga haizuie

Mu Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, watu wengi wanasema Kiswahili ku nyumba. Lakini nyimbo nyingi za orkestra kubwa ni za Lingala, na watu wanaziimba neno kwa neno. Hata mwenye haelewe yote hapotei, juu seben haiombe luga.

Kiswahili nacho kina fasi yake ya zamani. Mu Katanga, Jean-Bosco Mwenda alijulikana mbali kwa gita moja na nyimbo za Kiswahili. Remmy Ongala, muzaliwa wa Kindu, alienda Dar es Salaam na akapendwa sana na watu wa Tanzania. Mu Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo ku liste ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja.

Mu Goma: kukusanyika tu ni kitu kikubwa

Kule mashariki, konseri ina uzito mwingine. Fasi yenye watu wanakimbia vita, kukusanyika kwa wingi mara nyingi ni juu ya kungojea musaada ao kuzika. Festivali Amani ilianza mu Goma mu mwaka wa 2014, mu kiwanja cha Collège Mwanga, na wazo la kukutanisha vijana wa makabila na inchi jirani kwa muziki na dansi. Mutu mwenye anacheza pembeni yako hauulize anatoka wapi. Jibu hilo linaweza kutenganisha watu njiani, lakini mbele ya podiumu halina kazi.

Furaha inaomba mulango

Lakini wingi huo huo unaweza kuua. Tarehe 29 Oktoba 2022, mu Stade des Martyrs ya Kinshasa, yenye fasi 80.000, watu 11 walikufa mu musongamano siku ya konseri ya Fally Ipupa. Polisi wawili walikuwa kati yao. Tarehe 27 Julai 2024, mu stade hiyo hiyo, musongamano uliua tena watu siku ya konseri ya muziki wa injili. Walikuja kuimba, hawakurudi nyumbani.

Basi wenye kupanga konseri inaomba wahesabu tikiti kulingana na fasi, wafungue milango mapema, na njia za kutokea zibakie wazi mpaka mwisho. Na wewe mwenye kwenda:

- Fika mapema, na ukiingia tu, angalia milango ya kutokea iko wapi.
- Patana na wenzako fasi ya kukutana kama munapotezana. Mu wingi wa watu, simu mara nyingi haipiti.
- Mutoto mudogo usimupeleke mbele ya podiumu.
- Ukisikia musukumo, usisukume nyuma. Weka mikono mbele ya kifua ili upate hewa, na toka pole pole kwa upande.
- Mutu akianguka, wenye kuwa karibu wamusimamishe kwanza. Seben inaweza kungoja.