Radi ikipiga laini ya umeme: hesabu inasemaje?

Wadau, kila masika mtaani kwetu ni yale yale: radi moja, transfoma kwisha, giza siku tatu. Wazee wanasema radi haina kinga. Mimi nikaona nikae na kalamu.

Radi ya kawaida hubeba mkondo wa kama ampea 30,000. Ikitua kwenye waya wa laini, mkondo hugawanyika, 15,000 kila upande. Kwa wimbi la haraka namna hiyo, waya huonesha ukinzani wa karibu omu 400. Zidisha: volti milioni 6! Vifaa vingi vya laini ya volti 33,000 hupimwa kwa pigo la volti 170,000 tu. Vikombe lazima viruke cheche, hakuna ubishi.

Pigo hilo la majaribio hupanda hadi kileleni kwa maikrosekunde 1.2 (maikrosekunde ni sekunde moja gawa kwa milioni), kisha hushuka hadi nusu kwenye 50. Kwenye kompyuta wataalamu hutumia programu kama EMTP, aliyoianzisha Hermann Dommel miaka ya 1960. Raha yake, unaua transfoma mara mia bila kuunguza hata moja.

Wimbi hukimbia karibu mita 300 kwa maikrosekunde moja. Likifika kwenye transfoma hugonga na kurudi, volti zikikaribia mara mbili. Kwa hiyo aresta, kile kifaa cha kumwaga radi ardhini, lazima ikae pale pale. Ikiwa nguzo kadhaa nyuma, habari inaipata kwa kuchelewa.

Halafu kuna ethi, na hapa ndipo penye kazi. Aresta ikimwaga ampea 10,000 kwenye ethi ya omu 5, volti zinapanda 50,000. Ethi ya omu 50, kama kwenye kokoto kavu, ni volti 500,000. Tenki la transfoma kwa kawaida limefungwa kwenye ethi hiyo hiyo, basi volti zinatafuta njia upande mdogo, ule unaoingia majumbani. TV, friji, kwaheri.

Na waya wa ethi ukiwa haupo kabisa je? Wa kwetu ulikatwa, shaba ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aresta iko juu, ukiitazama nzima kabisa, ila haina pa kumwagia. Mafundi walikuja, wakafunga transfoma mpya, wakaondoka. Jana nimepita kuangalia: waya bado hakuna, na mawingu yameanza.