Machela na Vipimo Vyake

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: machela, mpagazi, frasila.

Leo tutasoma habari za machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa. Tutauliza swali moja: machela ya kumfaa mtu iwe na ukubwa gani? Msicheke. Hapa Ugogo, zamani za misafara, hilo lilikuwa swali la kufa na kupona.

Kitanda cha namna hii kilianza mbali. Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492, aliwakuta wenyeji wakilala katika nyavu za pamba zilizotundikwa. Mabaharia wa Ulaya wakaiga, maana melini nafasi ni haba. Katika manowari za Kiingereza kila baharia alipewa upana wa inchi 14 wa kutundika kitanda chake, kama sentimita 36. Pimeni kwa rula mwone! Wareno wa Msumbiji nao walifunga kitambaa kwenye mti mrefu, watu wakautwika mabegani. Wao waliita machila.

Sasa turudi kwetu. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Msafiri aliyetoka pwani alivuka nyika kavu ya Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo, na alipotoka upande wa magharibi alikuta Mgunda Mkali, pori jingine lenye shida ya maji. Katikati alilipa hongo kwa watemi ili apite na kupata maji. Mtu akishikwa na homa mahali kama hapo, msafara haukuweza kumngoja. Mwenye mali alichukuliwa kwa machela. Mpagazi akiugua, mara nyingi aliachwa njiani.

Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita Ugogo mwaka 1857. Mwanzo wa mwaka 1858, walipokwisha kupita Tabora, miguu ya Burton ilikufa ganzi, akachukuliwa kwa machela. Speke aliugua wakati wa kurudi, naye akachukuliwa vivyo hivyo.

Tufanye hesabu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Mtu wa kilo 64 akilala katika machela, na wachukuzi wakiwa wawili, kila mmoja anapata kilo 32. Ni mzigo uleule! Lakini bado hatujapima mti wala blanketi. Tena robota la nguo haligeuki ubavu, bali mgonjwa hugeuka. Kwa hiyo walihitajiwa watu wengine wa kupokezana, na hao wote walitaka chakula na maji.

Basi, ukubwa. Kitambaa kikiwa kifupi, kichwa na miguu huinuka, mwili ukajikunja kama upinde, na mgonjwa wa kifua akakosa pumzi. Kikiwa kirefu mno, mgongo huburuzwa juu ya miiba na mawe. Kikiwa chembamba, mtu huanguka. Mti nao ukiwa mfupi, mchukuzi wa nyuma hupigwa na kichwa cha mgonjwa. Ukizidi urefu, hunepa, wala haupindi kona katika njia ya mtu mmoja mmoja. Aliyelala alifikiri habari za mgongo wake, aliyechukua alifikiri habari za bega lake, na kipimo kilipaswa kuwafaa wote wawili.

Kipimo kimoja kimeandikwa. Mwezi wa Aprili 1873, karibu na ziwa Bangweulu katika nchi ya Zambia ya leo, Livingstone alishindwa hata kupanda punda. Watu wake wakamtengenezea kitanda: miti miwili ya futi 7, yaani kama mita 2, na vijiti vya futi 3 vilivyopangwa kwa kuachana inchi 4. Juu wakatandika majani na blanketi, wakakitundika kwenye mti, na blanketi la pili likawa kivuli. Kwa maoni yangu kazi hiyo ilishinda machela ya kitambaa, kwa sababu mgonjwa alilala amenyooka. Sifa ni ya mafundi wale.

Alipofariki kwa Chitambo, Susi, Chuma na wenzao walikausha maiti, wakaikunja miguu magotini ili mzigo uwe mfupi, wakaifunga ndani ya gome la mti na turubai. Walipopita Unyanyembe walisikia kwamba huko mbele watu hawataki maiti ipite. Wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakajifanya wanairudisha ikazikwe. Maiti yenyewe wakaifunga upya kama robota la kawaida la safari. Ilifika Bagamoyo Februari 1874.

Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Misafara mikubwa ikaisha. Lakini vita ya 1914 ilirudisha machela, safari hii kwa majeruhi. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma Julai 1916. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, ng'ombe na nafaka vikachukuliwa pia, kisha mvua ikakosekana. Wazee wa Kigogo waliiita njaa hiyo Mtunya, nayo ilidumu kutoka 1917 hata 1920. Katika Afrika Mashariki wapagazi wa vita walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Machela haijatoweka. Mahali ambapo gari halifiki, mama mwenye uchungu wa kuzaa bado huchukuliwa mabegani.

Kazi ya darasa: leteni magunia mawili imara na miti miwili. Toboeni pembe za chini za kila gunia, mpitishe miti ndani. Mlaze mwanafunzi mrefu kuliko wote. Kichwa na visigino visizidi kitambaa, na miti izidi kila upande kiasi cha mkono kushika. Watu wanne wainue kwa pamoja, watembee hatua 50. Kisha kila mmoja aandike sentensi mbili: ya kwanza aliyelala alisema nini, ya pili waliochukua walisema nini.