Bahari Zilizochorwa Kabla ya Kuonekana

Desemba mwaka 2011 nilikuwa mhadhiri msaidizi, kijana mwenye hamu kubwa ya kuwafurahisha wanafunzi wake. Wiki hiyo NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilikuwa limetangaza kuthibitishwa kwa sayari iitwayo Kepler-22b, inayozunguka nyota iliyo mbali nasi kwa zaidi ya miaka ya nuru 600. Tangazo liliambatana na picha ya tufe la buluu lililofunikwa na mawingu meupe, mfano wa dunia yetu iliyovuliwa mabara. Niliipakua, nikayakata maandishi yaliyokuwa chini yake ili ienee vizuri ukutani, nikafungua nayo somo langu la historia ya uvumbuzi. Mwanafunzi mmoja wa safu za nyuma akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, picha hii aliipiga nani?" Nikajibu bila kusita: "NASA." Tukaendelea.

Jibu lile halikuwa kweli. Hakuna mtu wala chombo kilichowahi kuipiga picha sayari ile. Darubini ya Kepler iliona jambo moja tu: nuru ya nyota ilififia kidogo mno, ikarejea, na hali hiyo ikajirudia kila baada ya siku 290. Kutokana na kufifia huko wanasayansi walikadiria upana wa sayari kuwa mara 2.4 ya upana wa dunia. Uzito wake haukujulikana, na rangi yake haikujulikana. Kama ina maji, gesi au mwamba, hilo nalo halikujulikana. Mengine yote yaliyokuwa ukutani kwangu, yaani buluu, mawingu na mng'ao wa bahari, yalitengenezwa na wasanii kwa kompyuta. NASA wenyewe walisema hivyo waziwazi katika maandishi yale yale niliyoyakata. Kosa lilikuwa langu.

Nimeamua kuliandika hili leo kwa sababu michoro ya aina hiyo imezagaa katika simu za wanafunzi wangu, na kwa sababu mimi, mwalimu wa historia, nilipaswa kujua vyema zaidi kuliko wengi. Bahari kubwa iliyochorwa na watu wasioiona si jambo geni kwetu. Iliwahi kuchorwa hapa hapa, juu ya ardhi tunayoikanyaga.

Katikati ya karne ya 19, wamisionari wawili Wajerumani waliotumwa na jumuiya ya Kianglikana, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, waliishi katika pwani ya Afrika Mashariki. Hawakufika katika maziwa ya bara. Walichokuwa nacho ni masikio. Erhardt, aliyekaa Tanga kwa miezi kadhaa mwaka 1854, aliwasikiliza wafanyabiashara wa misafara na wapagazi waliotoka bara. Waliopita njia za kaskazini walisema safari yao iliishia kwenye maji makubwa. Waliopita njia ya kati kwenda Unyamwezi na Ujiji walisema vivyo hivyo. Waliotokea Kilwa kuelekea kusini-magharibi nao walitaja maji yasiyoonekana ng'ambo. Erhardt akaziunganisha habari hizo na kuhitimisha kwamba maji hayo yote ni mamoja. Ramani aliyoichora pamoja na Rebmann ilionyesha bahari moja kubwa ya ndani, iliyopinda mfano wa koa, ikilifunika eneo pana la bara letu. Iliitwa Bahari ya Uniamesi. Mwaka 1856 August Petermann aliichapisha katika jarida lake la jiografia huko Gotha, na mjini London ikazua mjadala mkali miongoni mwa wanajiografia.

Hapa pana kinaya ambacho sichoki kuwakumbusha wanafunzi. Mwaka 1848 Rebmann huyo huyo alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake mawili. Alipoandika habari hiyo, William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeketi London, aliikejeli kwa miaka mingi. Alichokiona kilikataliwa, ilhali alichokichora pasipo kukiona ndicho kilichochochea msafara. Neno la shahidi huweza kupuuzwa, lakini mchoro mkubwa huwafanya watu wafungashe mizigo.

Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwaka 1857, ramani ile ya koa wakiwa nayo. Novemba walifika Kazeh, katika Tabora ya leo, wakapokewa na mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Snay bin Amir. Speke aliikunjua ramani mbele yake na kumwuliza iko wapi Nyasa. Sheikh akamjibu kwamba hilo ni ziwa mbali na lile la Ujiji, nalo liko kusini. Na Ukerewe? Hilo nalo ni jingine, liko kaskazini, na ni kubwa kulishinda la Ujiji. Kwa maswali mawili bahari moja ikawa maziwa matatu. Februari 1858 wageni wale walilifikia Ziwa Tanganyika, na Agosti mwaka huo Speke alisimama kusini mwa Nyanza, akaipa jina la malkia wake kana kwamba haikuwa na jina.

Nawaomba wasomaji wangu tusiwacheke Rebmann na Erhardt. Habari walizozipokea zilikuwa za kweli. Kila msafara ulisema kweli kuhusu maji uliyoyafikia. Upotofu uliingia katika nafasi iliyobaki kati ya shahidi mmoja na mwingine, pale mkono wa mchoraji ulipoona uwazi na kuujaza kwa wino ule ule uliotumika kuchora yaliyothibitishwa. Mtazamaji wa London hakuwa na njia ya kutofautisha mstari uliotoka kinywani mwa mpagazi na mstari uliotoka katika dhana ya Erhardt.

Uwazi huo haukuacha kuwashawishi wachoraji wakati wanasayansi walipogeuza macho kuelekea angani. Sayari ya Zuhura imefunikwa na mawingu mazito, na penye pazia kila mtu huwaza anachotaka. Mwaka 1955 wanafalaki wawili Wamarekani, Fred Whipple na Donald Menzel, walitoa hoja ya kisayansi kwamba huenda uso wa Zuhura wote umefunikwa na maji. Haikuwa ndoto ya walevi, bali hoja halali kwa ushahidi wa wakati ule. Desemba 1962 chombo cha Mariner 2 kilipita karibu na sayari hiyo na kupima joto lisiloweza kuvumiliwa na bahari yoyote. Leo tunajua kwamba joto la uso wake hufikia takriban nyuzi 460 za Selsiasi. Bahari ikakauka kwa siku moja, pamoja na michoro yake.

Mchoraji Chesley Bonestell naye alichapisha katika jarida la Life, mwaka 1944, picha za sayari ya Zohali kama ambavyo ingeonekana kutoka katika miezi yake. Ile ya kutokea mwezi wa Titan ina anga ya buluu safi na majabali yenye theluji, na vijana wengi waliivutiwa hata wakaingia katika taaluma ya anga. Januari 2005 chombo cha Huygens kilipotua Titan kilikuta utusitusi wa rangi ya chungwa. Bonestell alikosea rangi, lakini hakumdanganya mtu: alikuwa mchoraji, na kila aliyefungua jarida alijua anatazama mchoro.

Tofauti iko hapo. Brashi ya Bonestell iliacha alama yake, ilhali kompyuta ya leo hufuta alama zote. Mawimbi hukokotolewa kwa kanuni za fizikia, nuru humeremeta juu ya maji kama inavyomeremeta pale Kigamboni jioni, na jicho halina pa kushikia shaka. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Zama hizi mwenye macho anahitaji kuambiwa anatazama nini.

Mwaka huu msichana mmoja anayesoma sayansi ya kompyuta alinijia ofisini na kompyuta yake mpakato. Alikuwa ameunda kwa programu ya Blender sayari ya kubuni iliyofunikwa na bahari, akataka maoni ya mtu wa historia. Kazi ilikuwa nzuri ajabu: maji ya zumaridi, miezi miwili angani, na mbele kabisa ufukwe wenye minazi. Nikamwuliza, "Binti, ikiwa bahari imeifunika sayari nzima, ufukwe huu umetoka wapi?" Akacheka. "Dokta, bahari isiyo na pwani inachosha macho."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya kosa la Erhardt, wala la kwangu. Tunaongeza pwani kwa sababu mtazamaji anahitaji mahali pa kusimama.

Tukakaa saa nzima tukijadili bahari isiyo na pwani. Dhana yenyewe ina msingi: mwaka 2003 na 2004 Marc Kuchner wa Marekani na Alain Léger wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, walieleza jinsi sayari yenye barafu nyingi inavyoweza kuisogelea nyota yake na kuyeyuka. Katika makadirio ya Léger na wenzake, bahari ya sayari kama hiyo ingeweza kuwa na kina cha takriban kilomita 100, ilhali shimo refu kuliko yote katika bahari zetu ni la kilomita 11 hivi. Chini yake hakuna mchanga wala matumbawe, bali barafu iliyobanwa na uzito wa maji hata ikaganda palipo na joto. Ikiwa nyota yake ni kibete chekundu, nuru huwa na uhaba wa buluu, na maji yale ya zumaridi huenda yakaonekana meusi. Hapana mnazi, hapana jahazi, kwa kuwa hapana ardhi ya kuotesha mti wa kulichonga.

Kisha tukaitazama K2-18b, iliyo umbali wa miaka ya nuru 124 katika kundinyota la Simba. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilibaini methani na hewa ya ukaa katika angahewa yake, na mchoro wa buluu ukaenea duniani kote. Aprili 2025 watafiti wa Cambridge walitangaza dalili za kemikali ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe wa baharini. Watafiti wengine walipozichambua upya takwimu zile zile walisema ushahidi hautoshi. Wako wanaoona kwamba sayari hiyo inaweza kuwa na bahari ya maji, wako wanaosema huenda ni bahari ya mwamba ulioyeyuka, na wako wanaodhani ni gesi tupu isiyo na uso wa kukanyagika. Nuru iliyopokewa ni moja, na sayari zinazoweza kuchorwa kutokana nayo ni tatu. Lakini mchoro uliozunguka katika simu zetu ulikuwa mmoja tu, ule wa buluu.

Pengine mtumishi wa umma anayesoma makala haya anajiuliza yeye anahusikaje na mawimbi ya nyota za mbali. Anahusika sana. Ni mara ngapi tumeona bango la mradi lenye jengo la vioo, miti iliyopandwa kwa mstari na watoto wakikimbia kwenye nyasi, ilhali kilichopo ni upembuzi yakinifu ambao haujakamilika? Mchoro ule nao umetengenezwa kwa programu za kompyuta, nao umejaza uwazi kwa wino wa uhakika. Mwananchi huuchukulia kuwa ahadi, na wakati mwingine huhamishwa kwa sababu yake. Sidai kwamba waliouchora ni waongo. Nadai kwamba mpaka kati ya kilichopimwa na kilichotamaniwa uandikwe pale pale penye mchoro, kwa herufi zinazosomeka, na kwamba mwanaharakati na mwanafunzi wawe na ujasiri wa kuuliza lile swali la safu ya nyuma: nani aliipiga picha hii?

Wala sitaki vijana wetu waache kuchora. Ramani ya koa ilikosea, lakini bila yake huenda swali la Kazeh lisingeulizwa mwaka ule. Kinachohitajika ni mchoro unaolitangaza swali lake badala ya kulificha, na unaomtaja shahidi wake, awe mpagazi wa Kilwa au nuru iliyofifia.

Baada ya wiki mbili yule binti alirudi. Alikuwa ameunda sayari tatu kwa takwimu zile zile: moja ya maji meusi, moja ya moto, moja ya ukungu mtupu. Maneno "Huu ni mchoro, hakuna aliyeiona" hakuyaweka chini ya picha. Aliyatandaza juu ya mawimbi yenyewe, katikati kabisa. Nilimwuliza kwa nini aiharibu kazi nzuri namna hiyo. Akanijibu kwamba ya chini watu huyakata.

Sikuwa nimemsimulia kisa changu cha mwaka 2011. Siku hiyo nikamsimulia.