Bwaki: uchunguzi wa Lwiro na askari wa mwili wanaolala njaa

BARAKA, Kivu Kusini – Mtoto aliyekonda hadi mbavu zikahesabika, kila mtu anamwonea huruma. Mtoto aliyevimba anadanganya macho. Mashavu yamejaa, miguu imenenepa, na jirani anaweza hata kumpongeza mama yake. Lakini ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zinageuka rangi na kung'oka bila kuvutwa, ngozi inabambuka kama iliyoungua, na mtoto mwenyewe hataki kucheza wala kula. Hapo ndipo maneno yanaanza kwenye nyumba: amerogwa, amekanyaga kitu, baba alitoka nje ya ndoa.

Ugonjwa huu una majina mengi. Upande wa Kabare na Bukavu unaitwa bwaki. Familia za Fizi zilizokaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, zinalijua jina la Kitanzania, unyafuzi. Vitabu vya madaktari vinaandika kwashiorkor, neno la lugha ya Ga ya nchi ya Ghana. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alilisikia kwa akina mama akalichapisha katika jarida la Lancet mwaka 1935. Akina mama hao walimweleza kwamba ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Mama wa Fizi hahitaji mwalimu wa kumfafanulia hilo.

Jambo ambalo wengi hawajasikia ni kwamba sehemu kubwa ya elimu ya ugonjwa huu imechimbuliwa hapahapa Kivu Kusini, katika kijiji cha Lwiro, wilaya ya Kabare.

Mwaka 1947 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa sayansi kwa Afrika ya Kati, IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa Lwiro, chini ya milima ya Kahuzi. Ni majengo makubwa ambayo leo ni mali ya kituo cha utafiti cha taifa, CRSN. Wapo waliokuja kuchunguza matetemeko ya ardhi, wengine nyani, wengine samaki wa maziwa yetu. Wengine walikuja kuchunguza watoto waliovimba.

Swali la miaka ya 1950 lilikuwa la umetaboli, yaani namna mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu, damu na nyama. Wakati huo karibu madaktari wote waliamini kwamba bwaki ni upungufu wa protini tu: mtoto anashiba muhogo au ndizi, lakini hapati maziwa, samaki wala maharagwe ya kutosha. Mwaka 1958, E. M. De Maeyer na H. Vanderborght wa IRSAC walichapisha kazi yao juu ya thamani ya protini za vyakula mbalimbali katika kulisha watoto wa Kiafrika. Njia ya kazi za namna hiyo ni ya subira. Unapima nitrojeni inayoingia na chakula, unapima ile inayotoka na mkojo na choo, na inayobaki ndiyo iliyojenga mwili.

Nyuma yao akaja Hubert Vis, daktari wa watoto wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, ambaye jina lake limefungamana na Kivu kuliko la Mbelgiji mwingine yeyote katika elimu hii. Vis na wenzake walitazama chumvi za mwili. Katika mtoto wa bwaki, potasiamu inapotea na sodiamu inajaa ndani ya seli, kwa sababu pampu ndogo za seli zinakosa nguvu za kufanya kazi. Mwili umepunguza moto. Moyo unapiga polepole, figo zinashindwa kutoa maji ya ziada, joto linashuka. Ni kama nyumba ambayo mafuta ya taa yanakaribia kwisha: taa inateremshwa hadi mwanga mdogo kabisa ili usiku upite.

Hapo ndipo penye hatari ambayo watu wengi wenye nia njema hawaijui. Mtoto wa namna hiyo ukimjaza chakula kizito siku ya kwanza, au ukimtundikia maji mengi ya mshipa, moyo wake hauwezi kuubeba mzigo huo na anaweza kufa mikononi mwa mtu aliyetaka kumwokoa. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unaanza na maziwa mepesi yanayoitwa F-75, yenye kilokalori 75 katika mililita 100, kidogokidogo, usiku na mchana. Mtoto anapotulia na hamu ya kula inaporudi, ndipo anapewa F-100. Mama anayeona kikombe kidogo hospitalini na kudhani wauguzi wanambania mtoto wake ana haki ya kuelezwa hesabu hiyo.

Imani ya protini peke yake haikudumu. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya kutisha kuhusu balaa la protini duniani, fedha nyingi zikaenda huko. Miaka sita baadaye Donald McLaren, daktari aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, aliandika katika Lancet kwamba shughuli yote hiyo ilikuwa kichekesho kikubwa. Michael Golden, akiwa Jamaica, alionyesha kwamba uvimbe unaweza kuondoka hata protini ya damu ikiwa bado haijapanda. Mwaka 2013 uchunguzi wa jozi 317 za mapacha wa Malawi ulielekeza kidole kwenye vijidudu vya tumboni. Pacha mmoja anavimba, mwenzake aliyekula sahani moja naye havimbi, na hadi sasa hakuna anayeweza kueleza sababu yote.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, wauguzi walikuwa wanaona jambo jingine kabisa. Watoto wa bwaki mara nyingi hawafi kwa kukosa chakula. Wanakufa kwa surua, kwa kuhara, kwa nimonia. Tena wanakufa kimyakimya. Mtoto mwenye lishe nzuri akiingiwa na vijidudu anawaka homa, analia, chembe nyeupe za damu yake zinaongezeka. Mtoto wa bwaki analala tu. Mama anagusa paji la uso, linapoa, anashukuru Mungu, na kesho yake mtoto hayupo.

Kinga ya mwili ina askari wake, na baadhi ya walio muhimu sana wanafundishwa katika tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, inayoitwa thaimasi. Kwa mtoto mwenye afya tezi hiyo ni kubwa. Katika watoto waliokufa kwa utapiamlo, madaktari waliikuta imesinyaa hadi ikabaki kipande kidogo. Mwaka 1977 Golden na wenzake waliripoti kwamba walipowapa zinki watoto waliokuwa wanapona Jamaica, thaimasi yao ilikua tena. Kambi ya mafunzo ilikuwa imefungwa, na madini kidogo yaliifungua.

Kwa nini njaa inaifunga? Chembe ya kinga ikiwa imepumzika inakula kidogo. Siku adui anapoingia, inatakiwa kuzaliana kuwa maelfu kwa siku chache, na hapo inahitaji sukari nyingi na asidi za amino. Lazima kuwe na habari ndani ya mwili inayosema akiba ipo. Mwaka 1998 Graham Lord na wenzake huko London walichapisha katika jarida la Nature kwamba habari hiyo inabebwa na leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili. Panya aliyefungishwa njaa kinga yake ilianguka. Akipewa leptini, ilisimama tena hata kama hajala. Mwili wenye njaa, kumbe, unawazuia askari wake kwa makusudi ili moyo na ubongo vipate kilichobaki. Watu wa Fizi wanajua vizuri askari asiyelishwa ni mzigo wa namna gani.

Hayo ya panya yalifika kwa watoto wa jirani zetu. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti wa Makerere na wa chuo kikuu cha Duke cha Marekani walipima damu ya watoto 77 wenye utapiamlo mkali, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Kati ya vipimo vyote, leptini ya chini siku ya kuingia hospitali ndiyo iliyoashiria kifo kuliko vingine. Mtoto aliyemaliza mafuta yake alikuwa amemaliza pia sauti ya kuwaamsha walinzi. Ndiyo maana katika matibabu ya utapiamlo mkali dawa ya kuua vijidudu inatolewa hata kwa mtoto asiye na homa.

Lwiro yenyewe haikulala. Katika hospitali ya watoto ya pale, Philippe Donnen na wenzake waligawa watoto 900 waliolazwa katika makundi matatu: wengine walipewa dozi moja kubwa ya vitamini A, wengine dozi ndogo kila siku, wengine dawa isiyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 1998. Kwa watoto wenye utapiamlo mkali, dozi ndogo ya kila siku ilipunguza sana kuhara kubaya. Dozi kubwa ya mara moja haikutoa faida hiyo. Ni somo lilelile la maziwa: mwili uliopunguza moto haupendi kushtuliwa.

Mwaka 1998 ni mwaka wa vita ya pili, na kila mtu wa Kivu anakumbuka ulivyokuwa. Kupimwa kwa watoto 900, mmoja mmoja, na kumbukumbu zao kutunzwa katika jimbo hili na katika miaka ile, ni kazi inayostahili kutajwa kwa heshima. Lakini matokeo yaliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, yakasomwa Brussels na Geneva. Akina mama waliotoa damu ya watoto wao hawakuwa wasomaji waliokusudiwa.

Kisha mabadiliko makubwa yakaja na karanga. Katikati ya miaka ya 1990 Mfaransa André Briend alitafuta chakula chenye nguvu ya F-100 kisichohitaji maji, na Plumpy'Nut ikatokea: karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubali kwamba mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na matatizo mengine atibiwe nyumbani. Kwa familia iliyokimbia na kulala darasani au kwa wenyeji, tofauti ni kubwa: mama hahitaji kuacha watoto wengine ili akae wiki nyingi hospitalini. Kasoro moja inajulikana: pakiti hiyo ni tamu, ndugu watano wanaitazama, na ikigawanywa mgonjwa anabaki na robo ya dawa.

Swali la mwisho limeulizwa na wana wa Kivu wenyewe. Mtoto akishapona bwaki, je, amepona kweli? Pacifique Mwene-Batu, Ghislain Bisimwa na wenzao wa Bukavu, pamoja na watafiti wa Brussels, walirudi kwenye kumbukumbu za watoto waliotibiwa Lwiro kati ya 1988 na 2007. Wakawatafuta majina kwa majina katika kanda za afya za Miti-Murhesa na Katana. Walipata 524, watu wazima sasa, wastani wa miaka 22. Wakawalinganisha na wengine 407 wa umri na vijiji vilevile ambao hawakuugua.

Kisukari na shinikizo la damu havikuwa vingi kuliko kwa wenzao. Hiyo ni habari njema. Lakini kipimo cha sukari ya muda mrefu kilikuwa juu kidogo, na mafuta ya tumboni yalikuwa mengi zaidi. Waliougua walikuwa wafupi, misuli yao dhaifu, na shule hawakufika mbali kama wenzao. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2021. Waliopimwa bado ni vijana, na ugonjwa wa sukari kwa kawaida huja baadaye, kwa hiyo majina yao 524 yatabidi yatafutwe tena. Baadhi yao wameshakuwa wazazi.

Kwa sasa, Baraka, Nundu na Fizi, kipimo cha haraka ni utepe wa rangi unaozungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu. Kwa mtoto aliyevimba miguu yote miwili utepe unaweza kuonyesha kijani, na bado anahesabiwa kuwa na utapiamlo mkali.