Muuguzi Aliyeongoza Kambi ya Nachingwea

Wadau, ukimtaja Samora Machel mbele ya vijana wa rika langu, wengi watakuambia: rais wa kwanza wa Msumbiji, magwanda, ndevu, ajali ya ndege ya Oktoba 1986. Wachache watakumbuka kwamba kabla ya yote hayo alikuwa muuguzi. Na jina lake la kijeshi alilijenga hapa kwetu, Nachingwea, mkoani Lindi.

Namleta Samora kwa sababu kuna swali linalonisumbua. Je, nguvu za mwili ni sehemu ya ujuzi wa nesi wa dharura, au ni nyongeza tu, kama mtu anayependa kukimbia asubuhi?

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuja na mradi mkubwa wa karanga. Walichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakafyeka pori na kujenga reli kutoka pwani ya Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafa kifo cha aibu. Mashamba yakabaki, na miaka ya 1960 serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa FRELIMO sehemu ya eneo hilo wafundishie wapiganaji wao. Wenyeji wanalijua kwa jina la Farm 17.

Samora alisomea uuguzi Lourenço Marques, mji tunaouita leo Maputo. Alifanya kazi hospitalini humo akiona muuguzi Mwafrika akilipwa kidogo kuliko Mzungu kwa kazi ileile. Mwaka 1963 akatoroka, akaja Dar es Salaam, akapelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi. Aliporudi alisimamia mafunzo Kongwa, kisha Nachingwea. Huko watu walikimbia, walilala porini, walilima chakula chao wenyewe, na jioni waliingia darasani. Jembe, bunduki na kitabu vilikwenda pamoja.

Mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake 25 lilifika kambini hapo kwa mafunzo. Hicho ndicho kilikuwa chanzo cha Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO. Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora na kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na miaka 25 tu. Wanawake wale walibeba silaha na mizigo kwa miguu, wakatunza majeruhi na watoto yatima. Hebu fikiria: majeruhi yuko ndani ya Msumbiji, barabara hakuna, gari hakuna, na hospitali ya FRELIMO iko Mtwara, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Kabla ya dawa yoyote, kwanza lazima abebwe kwenye machela, kwa siku kadhaa. Katika hali hiyo, anayejua kufunga jeraha lakini hawezi kutembea na mgonjwa amejua nusu ya kazi.

Mtasema hiyo ilikuwa vita. Sawa. Basi niwape kisa cha amani.

Shangazi yangu ni nesi mstaafu. Miaka ya 1980 alikuwa kwenye zahanati ya kijiji kilichoko leo wilaya ya Ruangwa, wakati huo ikiwa bado haijagawanywa kutoka Nachingwea (wilaya ilizaliwa 1995). Usiku mmoja mama alijifungua salama, kisha damu ikagoma kukatika. Usafiri uliopatikana ni tela la trekta. Shangazi akapiga magoti ndani ya tela, akaukanda mfuko wa uzazi kwa juu ya tumbo bila kuacha, njia nzima ya mashimo. Mama yule alipona. Nilipomuuliza aliogopa nini zaidi, akanijibu, "Mwanangu, kichwa kilikuwa kinajua la kufanya. Niliogopa mikono isije ikakataa."

Shangazi ni wa kizazi kilichopitia JKT kwa mujibu wa sheria. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarudishwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Anasema kwa utani kwamba kozi ya ukunga ilimfundisha mahali pa kushika, na JKT ikamfundisha kutoachia.

Sayansi ya leo iko upande wake. Mtu mzima moyo ukisimama, kifua kinatakiwa kibonyezwe kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Miongozo inataka wahudumu wabadilishane kila baada ya dakika 2, kwa sababu mtu akichoka mikono haifiki tena kwenye kina hicho, hata kama mwenyewe anadhani yuko sawa. Yaani cheti chako kiko palepale ukutani, lakini uwezo wako unashuka kadiri misuli inavyochoka.

Sasa msinielewe vibaya. Simaanishi manesi wapimwe kwa kukimbizwa uwanjani halafu tuwalaumu. Ukimwacha nesi mmoja zamu ya usiku na wodi nzima, atabadilishana na nani hizo dakika 2? Hata Josina hakubeba machela peke yake. Mazoezi yawemo kwenye masomo ya uuguzi, ndiyo, lakini na mikono ya pili iwepo kwenye zamu.

Nachingwea ilitufundisha kwamba ujuzi unakaa kichwani na mwilini pia. Sisi tumevitenganisha: kichwa tunakipa mtihani, mwili tunauachia bahati. Siku moja mgonjwa kwenye tela atakuwa dada yako au wangu.

Nawasilisha.