Army, Air Force na Navy: Tofauti Ni Gani? Jua Kabla Ulipishwe Hewa

Mtu akikuambia hapa Eldoret ati ameingia KDF, muulize: kikosi gani? Katiba ya 2010, kifungu cha 241, inataja vitatu.

Army
Hili ndilo jeshi la nchi kavu, na ndilo kubwa zaidi. Hapa kuna askari wa miguu, vifaru, mizinga na mainjinia wa kujenga barabara na madaraja.

Air Force
Usidhani wote ni marubani. Wengi wako chini wakitengeneza ndege na kuangalia rada. Kambi zao kubwa ni Moi Air Base, Eastleigh, na Laikipia Air Base, Nanyuki. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, kikosi kilivunjwa. Kikaitwa 82 Air Force hadi 1994 ndipo kikarudishiwa jina lake.

Navy
Wanamaji kambi yao kuu iko Mtongwe, Mombasa. Vyeo vyao vitakuchanganya: Kapteni wa Navy ni sawa na Kanali wa Army, ilhali Kapteni wa Army yuko ngazi tatu chini. Air Force nao wanatumia vyeo vya Army.

Hawa si KDF
GSU ni polisi, hata wakivaa kombati. Coast Guard, iliyoanza 2018, pia si Navy.

Kazi ikiwa kubwa, vikosi vyote vinaingia. Kismayo, Septemba 2012, Navy ilishusha wanajeshi ufuoni, ndege zikiwa juu na Army ikisonga nchi kavu.

Na sasa maneno ya doo
Makuruti wa vikosi vyote vitatu hupikwa pamoja hapa hapa Eldoret, Moi Barracks. Kwa hivyo msee akikuuzia "nafasi ya Navy, hutapitia Eldoret", huyo ni konmani. Usajili ni bure. Ukichaguliwa, barua unapewa hapo uwanjani na maafisa wenyewe, si kwa WhatsApp, si hotelini.

Kuna vijana wamefika geti ya Moi Barracks na sanduku na barua feki. Wakaishia seli, na nyumbani ng'ombe ashauzwa. Kama uko na mdogo wako anangoja usajili, msomee hii kabla mzee atoe hiyo pesa.