Ojalá

"Ojalá llueva," husema kwa Kihispania mkulima wa Andalusia, kusini mwa Uhispania, akiitazama mizeituni yake: Mungu ajalie mvua inyeshe. Akisema "ojalá lloviera", matumaini yamefifia. Hapo sisi tungesema laiti ingenyesha. Neno ni lile lile, kitenzi ndicho kinachobadilika. Asili ya ojalá ni Kiarabu cha Andalusia, law sha Allah, yaani kama Mungu angependa, urithi wa utawala wa Waislamu ulioanza mwaka 711 na kukomea Granada mwaka 1492. Ni ndugu wa inshallah yetu, ila si neno moja: kwa Kiarabu, in na law ni viunganishi viwili tofauti vya sharti. Leo hata asiyeamini Mungu hulitamka bila kusita. Wareno nao wanalo, oxalá.